Nimesamehe wote, mbona mgongo bado unauma?

Shangazi mpendwa,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 39, naishi Ndosho hapa Goma. Kazi yangu ni kushona. Mashine yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, na kuanzia mwezi wa saba mpaka masomo yaanze nashona bulu na nyeupe za wanafunzi tangu asubuhi hadi mwanga unapoisha. Mgongo wa chini ulianza kuniuma miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni ulikuwa unakuja na kuondoka. Sasa umekaa. Nikitoka kwenye kiti nasimama kwanza nimeinama, mkono juu ya meza, mpaka kiuno kikubali kunyooka.

Nilikwenda hospitali wakanipiga radio ya mgongo, yaani picha ya eksirei. Karatasi iliandikwa kwa Kifaransa: kuna atrozi, yaani viungo vya mgongo vimechakaa, na diski moja, ule mto laini ulio kati ya pingili, imepungua unene. Daktari alisoma haraka akaniambia nisibebe kizito, nisiiname, nivae mkanda wa kiuno, kisha akaniandikia diklofenaki, dawa ya maumivu. Ninainunua famasi kila inapokwisha. Tangu siku ile naogopa hata kufagia.

Kisha mdogo wangu aliye Kampala akanitumia video kwa WhatsApp. Ndani yake Mzungu anaeleza kwamba maumivu ya mgongo hayatoki mgongoni, yanatoka kwenye hasira tulizozificha moyoni. Anasimulia habari za daktari mmoja wa New York aliyeponya maelfu, wakiwemo watu mashuhuri, na wengine eti walipona kwa kusoma kitabu chake tu. Kuna mama analia kwa furaha huku akitupa mkanda wake kwenye pipa la takataka. Mdogo wangu akaniambia: dada, acha dawa, acha hospitali, andika majina ya wote waliokukosea, wasamehe, utaona.

Niliandika, Shangazi. Wa kwanza ni shemeji yangu, aliyeuza parseli, kile kiwanja cha marehemu baba mkwe, bila kutuambia. Wa pili ni mteja aliyechukua sare za watoto watatu, na hela sijaiona mpaka leo. Niliandika hata wale nisiowajua majina, waliotufanya tulale sakafuni na watoto mwezi wa kwanza wa 2025, risasi zikipita juu ya mabati. Nikasali, nikawasamehe mmoja mmoja. Shemeji nilimpigia simu. Mgongo ukaniachia siku chache, halafu ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi anasema ukirudi ni ishara kwamba sijasamehe kweli.

Mume wangu naye aliiona ile video. Maji tunachota mbali, bidoni ya lita 20, na zamani alikuwa ananisaidia. Sasa nikilalamika anajibu, "Si Wazungu wenyewe wamesema ni kichwani?" na ananiacha nibebe.

Nikiikubali video, basi mimi ni mnafiki mbele ya Mungu. Nikiikataa, nabaki na mgongo ulioharibika usio na fundi. Lakini nikisema ukweli, mgongo huu huzidi nikiwa na mawazo. Usiku ukiwa na milio, asubuhi siwezi kuinama. Na kwenye harusi ya mpwa wangu nilicheza mpaka usiku mkubwa, sikuusikia kabisa. Niamini nini?

Mama Mshonaji, Ndosho

*

Binti yangu,

Maumivu yako ni ya kweli, na hakuna mtu aliyeuchunguza mwili wa binadamu kwa makini anayesema kwamba unajifanya. Hata huyo daktari wa New York hakusema hivyo. Nitafika kwake. Lakini mdogo wako amekwambia uache hospitali, na hilo siwezi kuliruka, kwa hiyo nijibu kwanza moyoni mwako maswali haya.

Umekonda bila kutaka? Unatokwa jasho jingi usiku, au homa za jioni zinakuja na kurudi? Ukikaa uchi, kuna mahali kwenye uti wa mgongo pamechomoza, au panauma sana anapopagonga mtu kwa kidole? Miguu inaishiwa nguvu, unajikwaa ovyo? Sehemu unayokalia imekufa ganzi? Mkojo au choo vinatoka bila wewe kujua, au mkojo umekataa kutoka? Uliwahi kuugua saratani, au ulianguka vibaya kabla mgongo haujaanza? Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye kifua kikuu kingi duniani, na kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila pole pole kwa miezi, mgonjwa asikohoe hata mara moja. Dawa zake zipo na hutolewa bure, lakini aliyechelewa kwa sababu alikuwa anatafuta wa kumsamehe anaweza kupooza miguu. Ukijibu ndiyo kwa swali lolote, rudi kwa daktari wiki hii, na kama ni lile la ganzi ya makalio, la miguu au la mkojo, nenda leo leo. Katika barua yako sikuona dalili hizo, na mgongo unaoruhusu mtu kucheza harusi usiku kucha unanipa matumaini. Ila uliza, mtu akugonge mgongo, tuwe na hakika.

Sasa video. Daktari wanayemsimulia bila shaka ni John Sarno, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha New York na kufariki mwaka 2017. Kitabu chake kilichosambaa sana kilitoka mwaka 1991. Alisema kwamba maumivu mengi ya mgongo yanaletwa na hasira na hofu tunazozizika, kwamba ubongo unapunguza damu inayokwenda kwenye misuli ili mtu ashughulike na mgongo asiitazame hasira yake. Mtangazaji maarufu wa redio, Howard Stern, alimsifu hadharani kwamba ndiye aliyemponya. Mwaka 1999 televisheni ya ABC ya Marekani ikatoa habari zake katika kipindi kikubwa, na mwandishi aliyeiandaa, John Stossel, alikuwa mwenyewe mgonjwa aliyepona mikononi mwa Sarno. Hapo ndipo habari ilipochukua sura ambayo imefika mpaka Ndosho: daktari mmoja jasiri, wenzake wanaompinga, watu mashuhuri wanaosimama na kutembea.

Angalia kilichoachwa njiani. Sarno alimpima mgonjwa kwanza, kuhakikisha hana uvimbe, maambukizi au mfupa uliovunjika. Alisisitiza kila mara kwamba maumivu ni ya kweli. Vitu hivyo viwili, ambavyo kwako ndivyo muhimu kuliko vyote, vimekatwa ili mama wa mkanda apate nafasi ya kulia mbele ya kamera.

Na kuna ambacho Sarno mwenyewe hakukifanya. Hakuwahi kugawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu, hawa wapate mafundisho yake na wale wasipate, kisha alinganishe. Tena alikuwa akizungumza na watu kwanza kabla ya kuwapokea, na walioonekana hawalikubali wazo lake hakuwachukua. Ukichagua wanaokuamini, ukahesabu waliopona, hesabu itakupendeza. Ile habari ya damu kupungua kwenye misuli kwa sababu ya hasira haijathibitishwa mpaka leo. Ongeza na hili: mgongo una kawaida ya kupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta tiba siku ulipopanda sana, na baada ya hapo mara nyingi unashuka, akiwa amesali, amekunywa majani au hajafanya lolote. Zile siku chache ulizopumua baada ya kumpigia shemeji simu huenda zilikuwa hizo. Huenda pia ulipumua kwa sababu simu ile ilikutua mzigo kweli. Yote mawili yanawezekana, na hakuna linalokufanya mnafiki.

Kinachonikasirisha katika video hizi ni mtego wake. Ukipona, zimethibitika. Usipopona, kosa ni lako, hujaamini vya kutosha, hujasamehe mpaka mwisho. Mgonjwa hana njia ya kutoka humo. Mama wa kikundi chenu cha maombi anakupenda, lakini anarudia mtego ule ule kwa maneno ya kanisa. Kumsamehe shemeji ni jambo lako na Mungu, na lina heshima yake. Liondoe kabisa kwenye hesabu ya mgongo.

Lakini usiitupe video yote, kwa sababu wewe mwenyewe umeona ukweli uliomo ndani yake, tena umeueleza vizuri kuliko wao. Mifupa iliyokuwa kwenye harusi ndiyo hiyo hiyo iliyoamka asubuhi baada ya milio. Diski ni ile ile. Kilichobadilika ni namna mwili ulivyopima hatari. Neva huleta taarifa kutoka kiunoni, lakini ubongo ndio unaoamua kengele ipigwe kwa sauti gani, na katika uamuzi huo unachanganya hofu, usingizi, uchovu, mambo uliyoambiwa na daktari, na mambo uliyoyapitia.

Unakumbuka Mei 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, kisha ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, mpaka tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, watu wakamiminika Sake na Rubavu. Baada ya kurudi, lori likipita barabarani na kutikisa mbao za nyumba, watu waliruka kitandani wakakimbilia mlangoni. Mtikisiko ulikuwa wa kweli, moyo uliodunda ulikuwa wa kweli, na volkano ilikuwa imetulia. Mgongo uliouma muda mrefu huwa hivyo: jeraha la mwanzo linaweza kuwa limepoa zamani, lakini mfumo wa neva umejifunza kushtuka, na unashtukia hata kuinama kidogo.

Jambo hili sasa limepimwa kwa njia ambayo Sarno hakuitumia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder walichukua watu 151 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakawagawa kwa bahati nasibu, na mwaka 2021 wakatangaza matokeo. Kundi moja lilizungumza na daktari, kisha likakaa na mtaalamu mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, likijifunza kuyatazama maumivu bila kuyaogopa na kurudia pole pole harakati zilizoepukwa. Katika kundi hilo asilimia 66 walimaliza wakiwa hawana maumivu au karibu hawana. Kati ya waliochomwa sindano ya maji ya chumvi, wakijua kwamba haina dawa, waliofika hapo walikuwa asilimia 20, na kati ya walioendelea na matibabu yao ya kawaida asilimia 10. Ni matokeo makubwa, nami nayaheshimu. Lakini hao walikuwa Wamarekani wengi wao wenye elimu, wenye maumivu ya kadiri, waliopimwa kwanza, na thuluthi moja hawakufika hapo hata baada ya kufundishwa na wataalamu. Video husimulia asilimia 66 na kuwasahau wengine. Hao wengine hawakuwa wakaidi wala wenye dhambi.

Nami nina la kusema ambalo sijalisikia katika video yoyote. Mafundisho yale humwambia mgonjwa: uko salama, ubongo wako unakosea kuogopa. Kwa mtu wa Boulder maneno hayo yanakaa sawa. Wewe umelala sakafuni na watoto. Mwili wako haukukosea usiku ule, ulikaza misuli na kukesha kwa sababu hatari ilikuwepo. Sitakwambia utulie kama vile Goma ni mji tulivu. Ninachoweza kukwambia ni kidogo zaidi, na nina hakika nacho: kuinama kuokota kitambaa hakuna hatari. Mtenganishie mwili wako vitu hivyo viwili. Risasi ni za kuogopwa. Ufagio si wa kuogopwa. Huhitaji kungoja moyo uwe na amani ndipo kiuno kianze kusogea.

Ile karatasi ya Kifaransa nayo imekuumiza, naamini kuliko diski yenyewe. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3110 ambao hawakuwa na maumivu hata kidogo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Katika wenye miaka 40, asilimia 68. Katika wenye miaka 80, asilimia 96. Kwa hiyo ukiwapiga radio mama wote wa umri wako pale sokoni Virunga, wengi watatoka na karatasi inayofanana na yako, na wengi wao wako wanapima maharagwe bila kuwaza mgongo. Atrozi ya kiasi hicho ni mvi za mifupa. Hakuna aliyekwambia hivyo. Uliambiwa usiiname, nawe ukaanza kuishi kama mtu aliyevunjika, misuli ikalegea, hofu ikakua.

Mwezi wa kumi na mbili 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Unataja mazoezi, maelezo mazuri kwa mgonjwa, kukandwa, na msaada wa kisaikolojia, na unashauri mkanda wa kiuno usitolewe kama tiba ya kawaida. Angalia kwamba mwongozo huo huo unabeba mwili na akili pamoja, bila kumlazimisha mgonjwa achague. Swali lako la "niamini nini" lina jibu hapo.

Tufanye hivi. Mkanda usiutupe kwa kishindo kama mama wa video, uvue tu kwa muda wa saa moja leo, keshokutwa saa mbili, mpaka uusahau. Tembea kila siku, hata kutoka kwako mpaka barabara kubwa na kurudi, na kila wiki songa mbele kidogo. Kwenye mashine, ukimaliza kola au mkono mmoja wa shati, simama, nyoosha mikono juu, zunguka meza, ndipo ukae tena. Hiyo ni bora kuliko kutafuta namna moja nzuri ya kukaa, kwa sababu hakuna ukaaji mzuri wa saa sita mfululizo. Tazama pia kiti chako: wengi wenu mnashonea kwenye kiti cha plastiki kilicho chini mno kwa mashine, mabega yanapanda mpaka masikioni. Weka mto mgumu juu yake. Kuinama anza na mto wa kitandani, uokote mara kadhaa asubuhi ukipumua nje. Kisha ndoo tupu. Kisha bidoni ya lita 5. Baadaye ya 10. Kiuno kikiuma zaidi kidogo jioni, hakijaharibika, kimeshtuka. Punguza siku moja, usiache. Na jipime kwa yale unayoyaweza sasa ambayo mwezi uliopita hukuyaweza, usikae ukiupima uchungu saa kwa saa. Ukimpata kine, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hospitalini hata kwa mara moja tu, akuoneshe mazoezi mawili matatu, ulipie kabla ya kulipia radio nyingine.

Diklofenaki ya kila siku bila mtu kukuangalia iache kuwa desturi. Inatoboa tumbo, inachosha figo, inapandisha presha. Mwambie muuguzi umeitumia muda gani, akupime presha. Kama umeona choo cheusi au tumbo linachoma, mwambie hilo kwanza. Na mtu wa famasi akikupa tramadoli, dawa nyingine ya maumivu iliyo kali, badala yake, ikatae.

Usingizi wako pia ni tiba, na kuzungumza na mtu kuhusu usiku ule wa mwezi wa kwanza pia. Vipo vituo vya afya hapa mjini vyenye mshauri wa kisaikolojia. Nenda kwa sababu uliyoyapitia ni mazito na yanastahili kusikilizwa, mgongo upone au usipone.

Maneno ya mwisho ni ya mume wako, umpe ayasome mwenyewe.

Baba watoto, Wazungu hawakusema ulichosikia. Walisema maumivu yanatengenezwa kwa kazi ya neva na ubongo, na hivyo ndivyo yalivyo maumivu yote, pamoja na yako siku ulipojigonga kidole kwenye mawe ya lava. Kama umekubali kwamba hofu na kuelemewa vinauzidisha mgongo wa mke wako, basi umekubali pia kwamba maneno yako nyumbani yanaupunguza au yanauongeza. Mgongo wake hauna ubovu wa kukatika, na ndani ya miezi michache atabeba tena. Anaanza na lita 5 kwa sababu misuli hurudi kwa hatua. Lita 20 za asubuhi ni zako, na za jioni mpe kijana wenu mkubwa, mpaka mama yake aseme mwenyewe kwamba yuko tayari.

Shangazi